Presha ya Nyumba Yetu

Keringet,
9 Februari 2025

Kimeli ndugu yangu,

Chamgei. Mama anakusalimu, Kipkemei mume wangu anakusalimu, na mwanangu Cherop anasema ameingia Kidato cha Tatu na hesabu bado zinamchapa. Kiangazi kimebana. Ng'ombe tunawateremsha mtoni kila siku, na yule mweusi amezaa ndama dume, kwa hivyo hakuna wa kumshangilia.

Jumamosi nilikuja hapo gerezani. Nilikaa kwenye benchi ya wageni na chupa yako ya maziwa ya mursik mpaka mchana. Afande akaja akasema, "Mama, amekataa kutoka." Nikamwambia arudi akuambie ni Jelagat. Akaenda, akarudi. "Amesema hasa kama ni Jelagat."

Sawa. Kama hutaki uso wangu, basi soma mwandiko wangu.

Kibii amekuja hapa. Yeye ndiye alikuwa tanboi, msaidizi wako kwenye lori, ndiye alikuwa ameketi kando yako siku ile, na kortini hakuna aliyemuuliza vizuri. Aliniambia hivi: "Tulitoka machimbo ya Kariandusi na ule udongo mweupe, tukaingia barabara kuu. Hakuwa amekunywa kitu. Mara akashika kichwa, akasema kinapasuka. Uso ukageuka mweupe, jasho likamtoka kama amemwagiwa maji. Mikono ikatetemeka kwa usukani. Nilimpigia kelele asimame, akawa hanisikii."

Hakimu alisema jasho na kutetemeka ni dalili za mtu aliyetumia kitu. Hakuna aliyekupima. Wangeci alikuwa ameketi kando ya barabara akiuza karoti zake, lori likamgonga, akafa papo hapo, na wewe ukafungwa miaka minne. Hukusema neno.

Nataka kujua jambo moja tu. Hiyo hali ilikuwa imekupata mbeleni? Na sasa, huko ndani, inakupata? Baba alianguka kwenye shamba la viazi akiwa ameshika kichwa hivyo hivyo, amelowa jasho katika baridi ya Julai. Sisi tulisema presha, majirani wakasema mengine. Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuwa mdogo.

Nijibu.

Dada yako,
Jelagat

*

Gerezani,
16 Machi 2025

Dada,

Barua yako imekaa kwenye meza ya afande karibu mwezi mzima kabla sijaiona, kwa hivyo usidhani nimekupuuza. Nashukuru kwa salamu. Mwambie Mama ninakula vizuri. Nimewekwa kwenye kiwanda cha mbao, tunatengeneza madawati ya shule. Fundi wangu anatoka Kabazi na anapenda kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya.

Sikutoka Jumamosi ile kwa sababu nikikuona ningelia, na hapa mtu halii.

Mwambie Kibii apumzike. Mwambie Wangeci alikuwa na mama, anaitwa Wachuka. Alikuja kortini kila siku na leso ile ile kichwani, na siku ya hukumu alinitazama bila kunitukana. Mtu akishaua, mambo ya kichwa kinaniuma si maneno ya kusema mbele ya mama kama huyo. Nilikuwa nyuma ya usukani. Basi.

Mimi ni mzima. Wenzangu wamenipa jina Mvua kwa sababu ya jasho, lakini ni utani tu.

Usije tena. Safari ni ndefu na wewe una watu wa kulisha.

Kimeli

*

Keringet,
22 Aprili 2025

Kimeli,

Mama hajambo. Mvua imefika, tumepanda. Kipkemei ameumia kidole na shoka lakini kinapona.

Hujui kwamba nimekuona. Ulikuwa umelala hospitalini mjini, mguu wako umefungwa pingu kwenye kitanda, mashine inalia, na macho yako yamefunguka lakini wewe hukuwemo. Walinipigia simu wakaniuliza kama mimi ndiye jamaa wa karibu. Nilipofika niliwauliza kama umekufa. Muuguzi akasema, "Bado." Hilo neno "bado" nimelibeba mpaka leo.

Daktari wako ni mwanamke, anaitwa Jebet, mtu wa maneno machache. Aliniketisha akaniambia umekuwa ukitapika na kulalamika kichwa kwa wiki nyingi. Kwa wiki nyingi, Kimeli! Na mimi umeniandikia habari za madawati. Huko kwenye zahanati ya gereza walikudunga sindano ya kuzuia kutapika, ile ambayo hata mtoto hudungwa. Kabla hawajaichomoa vizuri ulianza kutetemeka. Presha ilipanda mia mbili arobaini kwa mia moja hamsini.

Nikamuuliza, "Walimpa sumu?"

Akasema, "Hapana, mama. Ni dawa ya kawaida, na aliyempa alifanya ambavyo kila mtu angefanya. Lakini mwili wa ndugu yako si wa kawaida."

Akachukua karatasi akachora figo. Akasema juu ya figo kuna tezi ndogo, na hapo mwili hutengeneza kitu kinaitwa dopamini. Kutoka kwa dopamini zinatoka kemikali nyingine mbili, zile za kumfanya mtu akimbie akiona chui. Anashuku kwako kumeota uvimbe hapo. "Uvimbe hauoni chui," akasema. "Unamwaga tu, wakati wowote. Mishipa inakazwa, moyo unapiga, kichwa kinataka kupasuka, jasho linamwagika. Halafu inapita, mtu anaonekana mzima, na hakuna anayemwamini."

"Na sindano?"

"Dawa ile inafanya kazi kwa kuzuia dopamini. Kwako wewe na mimi, tumbo linatulia na basi. Lakini katika uvimbe kama huu, dopamini hiyo hiyo huwa imeshika breki kidogo. Ukiizuia, breki imetoka. Uvimbe unamwaga kila kitu mara moja."

Nikamwambia kwamba wewe ni dereva. Nikamwambia habari ya Wangeci. Akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Hiyo hali ilimpata akiendesha?" Nikasema ndiyo. Nikaona amefumba macho. Wamekusanya mkojo wako wa siku nzima ili

Naendelea leo, Alhamisi. Nilitaka kusema wameupeleka Nairobi kupimwa. Samahani kwa mwandiko, na kalamu ya bluu imeisha.

Kimeli, hukuua kwa uzembe. Nataka uliseme hilo kwa mdomo wako hata kama uko peke yako.

Jelagat

*

Gerezani,
30 Mei 2025

Dada yangu Jelagat,

Natumai viazi vimeota na kidole cha shemeji kimepona. Mwambie Cherop namwombea hesabu.

Nimerudi ndani, lakini wananipeleka kliniki ya Daktari Jebet. Majibu ya mkojo yametoka. Dopamini iko juu mara nyingi kupita kiasi, na hizo nyingine pia. Picha imeonyesha uvimbe juu ya figo la kushoto, kama yai la kuku. Watautoa, ila hawawezi kunikata hivi hivi. Lazima kwanza ninywe vidonge vya kufungua mishipa kwa wiki kadhaa, la sivyo daktari akiugusa tu uvimbe utamwaga na nitafia mezani. Na kitu cha ajabu, nimeambiwa ninywe maji mengi na nile chumvi. Mtu wa presha, chumvi! Fundi wa Kabazi alicheka mpaka akaketi chini.

Sasa nimesema ya kwangu yote. Sasa yako.

Daktari aliniuliza habari za Baba. Nikamweleza kama ulivyoniandikia. Akasema ugonjwa huu mara nyingine hutembea kwa damu, mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuupata au kuukosa, kama kurusha sarafu. Akachora mstari kutoka kwa Baba kuja kwangu. Halafu akachora mwingine kuja kwako, mwisho wake akauacha wazi.

Barua yako ya Aprili ilikatika katikati ya sentensi. Herufi za mwisho kabla ya kukatika zimelala chini kama zimesukumwa. Uliendelea Alhamisi, lakini tarehe ya juu ilikuwa Jumanne. Wewe ambaye Mama alikuwa akikuchapa kwa sababu huwezi kuacha kitu nusu.

Ilikuwa nini, dada?

Kimeli

*

Keringet,
29 Juni 2025

Kimeli,

Nimefurahi kusikia wamepata shida iko wapi. Mama amefanya maombi, mchungaji alikuja na wazee wawili. Baridi imeanza kuuma, ukungu hauondoki mpaka saa nne. Tumeuza yule ndama. Viazi vimeingiwa na baka, nusu ya shamba imekauka majani, Kipkemei anapulizia dawa tangu asubuhi. Cherop amekuwa wa kumi na tisa kati ya arobaini, ameshuka. Jirani yetu wa juu amefiwa na mke wake.

Nilienda kwa wakili mmoja mjini, kijana anaitwa Kiarie, amesema ripoti ya Daktari Jebet inaweza kufungua kesi upya kwenye Mahakama Kuu. Anaishughulikia.

Mimi ni mzima. Mwanamke wa umri wangu kichwa kinamuuma, ni kawaida, na jikoni kuna moshi.

Kunywa dawa zako.

Jelagat

*

Gerezani,
20 Julai 2025

Dada,

Sitasalimu mtu leo.

Umeniandikia habari za viazi, ndama, jirani na wakili, na habari yako umeipa mstari mmoja. Nimeisoma barua hiyo mpaka karatasi imelegea. Unadhani nimesahau? Siku ile uliponiletea sufuria Kariandusi, kabla ya ajali, uliketi kwenye jiwe ukasema jua ni kali. Hakukuwa na jua. Ulikuwa umelowa mgongo mzima, na midomo yako ilikuwa na rangi ya jivu. Nilikuona nikafikiri ni uchovu wa safari. Sasa najua nilichokiona.

Wamenipa tarehe ya upasuaji, Agosti. Jana waliniletea karatasi nitie sahihi. Nimekataa. Nimemwambia Daktari Jebet hivi: "Sitalala kwenye hicho kitanda mpaka umpime dada yangu. Na kama anao, mpe yeye nafasi yangu."

Akaniambia, "Kimeli, nafasi za thieta hazigawiwi kama mandazi."

Nikamwambia, "Basi hiyo nafasi ikae tupu."

Alikasirika. Afande alikasirika zaidi, akasema serikali inanihudumia na mimi naringa. Waache waseme. Mimi nimefungwa, dada, hakuna mtu duniani anayeweza kunifunga zaidi. Hiki ndicho kitu pekee nilicho nacho cha kukataa, na nimekikataa.

Ukiniandikia habari za ng'ombe tena nitaichoma barua.

Kimeli

*

Hospitalini, mjini,
17 Agosti 2025

Wewe Kimeli,

Mungu akusamehe, mimi sijui kama nitakusamehe. Unajua nilivyolia? Daktari Jebet alinipigia simu nikiwa nakamua. "Ndugu yako amekataa kutia sahihi. Anasema uje." Nilikutukana kwa lugha yetu mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo. Nilimwambia daktari nitakuja kukushawishi tu. Akanifungia kitambaa cha kupima presha mkononi hata kabla sijaketi, mashine ikavuta, akaitazama, akaniambia, "Wewe huendi popote."

Sasa nisikilize, maana nitasema mara moja.

Hali hiyo imenishika miaka mitatu. Mara ya kwanza nilidhani ni mimba. Halafu nikadhani ni pepo, nikaenda nikaombewa. Siku ile ya barua nilianguka hapo hapo mezani, Cherop akanikuta, nikamwapisha asiseme. Sikukuambia kwa sababu mgonjwa alikuwa wewe, na nyumba moja haiwezi kuwa na wagonjwa wawili, na mmoja yuko jela, na mama ni mzee. Nani angebaki amesimama? Wewe niambie. Nani?

Ninao. Wangu haukukaa kwenye tezi, umekaa nyuma ya tumbo, kando ya mshipa mkubwa wa damu. Ni mkubwa kuliko wako. Moyo wangu umeanza kupanuka kwa kusukumana na hiyo presha. Daktari amesema ni mimi wa kwanza, na hakusema hivyo ili kukutii wewe, alisema kwa sababu wangu hauwezi kungoja. Nimekunywa vidonge, nimekula chumvi, nimekunywa maji mpaka naogopa kucheka.

Wananikata keshokutwa. Mpasuaji ameniambia ukweli, mshipa huo ukipasuka hakuna mengi watakayoweza.

Kipkemei ameketi hapa kando ya kitanda na hajui aweke wapi mikono yake. Naogopa, Kimeli. Nimeogopa tangu Baba aanguke mbele yangu nikiwa na jembe mkononi. Sijawahi kumwambia mtu. Nilidhani nikinyamaza itapita nyumba ya pili.

Nisipoamka, Cherop apimwe. Usikubali mtu akuambie ni mdogo.

Jelagat

*

Gerezani,
7 Septemba 2025

Dada,

Sijui kama upo.

Hakuna aliyeniambia kitu. Nimeuliza chaplain, mchungaji wa gereza, amesema ataulizia. Nimeuliza afande, amesema yeye si posta.

Vidonge vimekwisha. Zahanati ya hapa haina, wanasema wameagiza. Wamenipa vingine vya presha vya kawaida, nimevikataa kwa sababu Daktari Jebet aliniambia nisivinywe bila vile vya kwanza. Sasa wameandika kwamba mfungwa anakataa dawa.

Inanijia kila siku. Leo imenijia nikiwa na msumeno mkononi. Fundi wa Kabazi alininyang'anya, akanilaza juu ya vumbi la mbao, akashika kichwa changu kwa mikono miwili kana kwamba kingetoka. Macho yalipotea kidogo. Sioni vizuri pembeni. Kama mistari imepanda juu ndiyo sababu.

Kama umekufa kwa sababu ya ubishi wangu nataka mtu aniambie. Heri kujua.

Kama uko hai andika neno moja tu. Hata ng'ombe. Andika ng'ombe.

K.

*

Nakuru,
25 Septemba 2025

Kimeli,

Ng'ombe.

Niko hai. Mshono unaniwasha. Presha yangu leo ni mia moja na ishirini na mbili. Nimekaa kwa binamu ya Kipkemei hapa mjini mpaka nipate nguvu ya kupanda Keringet. Barua yako ilinifikia wiki iliyopita kupitia kwa chaplain.

Nilipita hapo getini, nikaacha vidonge vyako. Vinywe.

Jelagat

*

Hospitalini, mjini,
2 Novemba 2025

Dada yangu,

Shikamoo, kwanza. Sijakuamkia hivyo tangu nikiwa na kaptura, lakini leo unastahili.

Eti ulipita getini ukaacha vidonge.

Afande Nangila, yule anayesimamia zahanati siku hizi, alikuja kwenye seli yangu na pakiti mkononi na uso umevimba kwa hasira. Akaniuliza, "Wewe ndio Kimeli? Una dada?" Nikasema ninaye, au nilikuwa naye, sijui. Akasema, "Unaye. Ako hapo nje. Ametuchosha."

Akanieleza yote. Kwamba ulikuja na dawa na barua ya daktari, ukaambiwa dawa za nje haziruhusiwi. Kwamba hukubishana. Uliketi chini tu, kwenye changarawe, mbele ya geti, ukanyoosha miguu. Wakakuambia uondoke. Ukasema unangoja. Mvua ikanyesha, hukuhama. Ukarudi kesho yake, na siku iliyofuata, ukaketi pale pale. Magari ya gereza yakawa yanakuzunguka. Nangila alipotoka kukukemea aliona gauni lako limeingia damu tumboni. Akakuuliza ni nini. Ukamwambia, "Ni mshono. Umefunguka kidogo. Mpe ndugu yangu dawa, halafu nitaenda kushonwa tena."

Nangila aliniambia, "Miaka ishirini kwa hii kazi sijaona kitu kama hicho." Akavunja kidonge cha kwanza mwenyewe akaniwekea mdomoni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa haitulii. Tangu siku hiyo alikuwa akija nacho kila asubuhi.

Na wewe ukaandika kwamba mshono unakuwasha.

Wamenikata wiki iliyopita. Walipoufunga mshipa wa uvimbe, presha iliyokuwa inapanda maisha yangu yote ikaanguka kama jiwe kisimani. Daktari Jebet anasema ilifika sabini kwa arobaini, wakawa wananimiminia maji kwa mishipa miwili na mwenye kunilaza usingizi alikuwa anaita jina langu ingawa hasikiki na mtu aliyelala. Ilikuwa dakika mbaya. Halafu ikapanda polepole, ikasimama. Leo mia moja na kumi na nane kwa sabini na nne. Nimelala usiku mzima bila kuamka nimelowa. Sikujua watu wengine hulala hivi.

Juzi Mahakama Kuu ilinisikiliza kwenye skrini, nikiwa hapa kitandani. Unajua, ulikuwa umeketi kule mbele na Kiarie, nilikuona kichwa. Lakini hukuona uso wangu jaji aliposema hukumu imefutwa. Afande aliyenilinda alichukua ufunguo akaifungua pingu mguuni, akakaa nayo mkononi kama hajui sasa ni ya nani.

Nitatoka daktari akiniruhusu. Lakini sitaki kuja nyumbani kwanza. Nenda kwa Mama Wachuka. Mwelezee, polepole, kama Jebet alivyokuelezea wewe. Si kwa ajili ya kuniombea msamaha. Mwulize tu kama ataweza kuniona.

Mdogo wako,
Kimeli

*

Gilgil,
16 Novemba 2025

Kimeli,

Mama anakusalimu, ameshona blanketi. Cherop amepimwa damu na mkojo. Mkojo ni safi, hana uvimbe sasa, lakini ile ya damu inasema ameubeba, kwa hivyo atapimwa kila mwaka maisha yake yote. Alilia siku moja, halafu akauliza kama anaweza kuwa daktari. Nikamwambia aanze na hesabu.

Nimekwenda kwa Mama Wachuka.

Anakaa juu ya Kariandusi, nyumba ya mabati, karoti kidogo nyuma ya nyumba. Nilipojitaja mimi ni nani alisimama mlangoni muda mrefu na unga mikononi. Nilifikiri atanifukuza, nami ningeenda. Akasema, "Ingia, usinisimamie."

Nikamweleza. Nilimwambia habari ya dopamini, na Baba, na sindano, na tumbo langu. Sikuharakisha. Alisikiliza akitazama ukuta. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hivyo kama asubuhi hiyo mtu angempima presha, mtoto wangu angekuwa hapa?"

Kimeli, nilitaka kusema ndiyo, na nilitaka kusema hapana. Nikamwambia, "Sijui, mama. Pengine. Ugonjwa huu hujificha. Lakini pengine."

Akalia. Si kwa sauti. Alilia akiendelea kukanda unga, na mimi sikumgusa kwa sababu sikuwa na haki hiyo.

Halafu akasema, "Mwambie ndugu yako asije bado. Akija nitatazama mikono yake, na siwezi. Labda mwaka mwingine."

Nikasema nitakuambia.

"Na wale wengine?" akauliza. "Wale madereva wanaopita hapa na ule udongo. Wao wamepimwa?"

Nikamwambia sidhani.

"Basi wapimwe," akasema, kwa hasira sasa. "Mmekuja hapa kunielezea presha. Elezeni hao."

Nina ile mashine ndogo ya kupima presha ambayo Daktari Jebet aliniambia nitembee nayo. Niliitoa kwenye mfuko nimwonyeshe inavyofanya kazi, nikamwambia nitaenda machimboni nizungumze na wasimamizi, na Kibii atanisaidia kuwakusanya madereva. Akaitazama. Akafuta mikono kwenye leso, akavuta kiti, akakunja mkono wa sweta yake mpaka juu.

"Anza na mimi," akasema.

Nikafunga kitambaa. Mashine ikavuta, ikaachilia. Nikapima tena, mkono wa pili. Mia moja tisini na sita kwa mia moja na kumi na nne. Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma. Akasema, "Tangu Wangeci afe. Nilifikiri ndivyo inavyokuwa."

Nakuandikia kwenye benchi ya hospitali hapa Gilgil, tumeketi kando kando tangu saa tatu. Ameegemea ukuta, amefumba macho. Hajui naandika kwa nani, au anajua na hataki kuuliza. Wameita jina lake sasa hivi. Ananiangalia kana kwamba anataka nisimame naye.

Naingia naye.

Jelagat